Rubani wa Charleston Katika Baraza la Sheria

Waungwana wasikizi, mniwie radhi nikianza kwa kulishika hilo neno la kwanza nililowaitia. Twalitamka kila siku kwa adabu, muradi wetu ni watu wa heshima na mwenendo mwema; walakini wazee wa pwani walipolitamka walikusudia pia jambo la sheria, yaani mtu aliyezaliwa huru, asiye mali ya mtu mwingine. Kinyume chake alikuwa mtumwa, na miongoni mwa watumwa alikuwako mzalia, aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake, akakulia jikoni na uani, akaijua nyumba ile pembe zake zote ilhali hana fungu ndani yake. Mtu nitakayewahadithia jioni hii alikuwa mzalia. Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839, katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba ya bwana wake, mji wa Beaufort, pwani ya South Carolina, huko Marekani. Jina lake Robert Smalls. Na kabla ya kufa alikuwa amekwisha kuwa hamali, baharia, nahodha, mjumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo lake, seneta wa jimbo hilo hilo, mbunge wa taifa mjini Washington, na mkuu wa forodha.

Wengi waliopata kusikia habari zake walisikia habari za usiku mmoja tu, usiku alioiiba meli. Nami nitausimulia, maana hadithi ya mtu huyu bila ya usiku ule haikamiliki. Lakini kila nilivyozidi kuyachunguza maisha yake nimezidi kuyakinika kwamba kazi yake iliyo kubwa aliifanya mchana, akiwa ameketi kitini, kati ya watu waliokuwa wakibishana juu ya vifungu vya katiba. Na kwamba jambo lenyewe aliloligombea, akalipata, kisha akaona linageuzwa kuwa kufuli la kuwafungia watu wake, lilikuwa jambo la kusoma.

Mama yake, Lydia, alizaliwa shambani katika kisiwa kimojawapo cha pwani ile, akaletwa mjini angali mtoto kutumika nyumbani. Pwani yenyewe ingemshangaza mgeni kutoka kwetu kwa jinsi asivyoiona ngeni: visiwa vimelala karibu karibu, mikono ya bahari imeingia ndani ya bara, maji hupwa na kujaa yakiacha matope yenye chaza, na katika mabonde kulikuwa na mpunga uliolimwa kwa maarifa waliyokuja nayo watumwa waliotolewa katika nchi za mpunga za Afrika ya Magharibi. Wazao wa watu hao huitwa Gullah, na lugha yao ina maneno ya Kiafrika hata leo. Smalls aliizungumza lugha hiyo tangu utotoni, na alipokuwa mtu mzima ikawa silaha yake katika siasa, kwani aliposimama kuwahutubia wakulima wa visiwani hawakuhitaji mkalimani.

Husimuliwa kwamba Lydia, alipoona mwanawe anapendelewa na watu wa nyumba ile hata anaanza kusahau yeye ni nani, alimchukua makusudi kwenda kutazama watumwa wenzake wakipigwa mijeledi na wakinadiwa sokoni. Mimi humfikiria sana mama huyu. Alikuwa na mtoto mmoja aliyeepukana na fimbo, akachagua mwenyewe kumwonyesha fimbo. Jambo asiloweza kumpa lilikuwa ni elimu, maana katika jimbo lile ilikuwapo sheria ya mwaka 1834 iliyomkataza mtu yeyote kumfundisha mtumwa kusoma au kuandika: mzungu akivunja sheria hiyo hutozwa faini hata dola 100 na kufungwa hata miezi 6, na mtu mweusi aliye huru hupigwa hata viboko 50. Naomba mwiweke sheria hii akilini, kwani tutairudia.

Alipotimiza miaka 12 alipelekwa Charleston, mji mkubwa wa bandari, akakodishwe kazi. Ninyi mnalijua neno kibarua, na huenda mnajua lilikotoka: ni ile barua ndogo ya hesabu ya siku aliyopewa mfanyakazi, na katika miji yetu ya pwani wa kwanza kuipokea walikuwa aghalabu watumwa waliotumwa na mabwana zao kutafuta ijara, sehemu yao wenyewe, sehemu ya bwana. Smalls alikuwa kibarua wa namna hiyo hasa. Aliandalia watu meza katika hoteli, aliwasha taa za barabarani, alipakua shehena gatini, alishona matanga, hata mwisho akaingia baharini akajifunza kila fungu la mchanga na kila mkondo wa bandari ile. Kazi aliyoifanya hatimaye tungeiita urubani, nayo rubani kwa Kiswahili cha asili ni huyo aongozaye chombo penye miamba na mafungu, kabla jina hilo halijapelekwa angani. Lakini watu weupe wa Charleston hawakukubali kumpa mtumwa cheo hicho. Walimwita mshika usukani tu. Akifanya kazi ya rubani, akipewa jina la msaidizi.

Mwaka 1856 akamwoa Hannah, mtumishi wa hoteli, naye pia mtumwa. Walipopata binti, Smalls alipatana na bwana wa mkewe kuwanunua mke na mtoto kwa dola 800. Akaanza kuweka akiba, senti juu ya senti, akafikisha kiasi cha dola 100, na hapo vita vikaingia. Majimbo ya kusini yaliasi mwaka 1860 na 1861 ili kuuhifadhi utumwa, na Smalls akajikuta anashika usukani wa meli ya moshi iitwayo Planter, iliyokuwa ikichukua pamba zamani, sasa inachukua mizinga ya waasi kutoka ngome hata ngome.

Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Mei 1862, nahodha na wasaidizi wake wawili, wote weupe, waliteremka kwenda kulala mjini kinyume cha amri waliyopewa. Ndani ya meli walibaki watumwa, nao walikuwa wamekwisha kula yamini: wakikamatwa wataizamisha meli, na isipozama upesi watashikana mikono, mume na mke na watoto, wajitose baharini pamoja. Karibu na saa tisa za usiku wakatia moto tanuri. Wakaenda kuwachukua wake na watoto waliokuwa wamejificha penye gati jingine, kisha wakaelekea mlangoni mwa bandari kwa mwendo ule ule wa kila siku, maana kwenda mbio kungewafichua. Smalls alikuwa amevaa kofia ya nahodha, kofia pana ya ukili, akasimama katika chumba cha usukani kama nahodha alivyozoea kusimama. Ngome zilipita moja moja. Ya mwisho na kubwa kupita zote ilikuwa Fort Sumter, na meli ilipofika chini ya kuta zake, alfajiri ikianza kupambazuka, akaivuta kamba ya filimbi ya mvuke: milio miwili mirefu na mmoja mfupi, ndiyo ishara ya siku ile. Mlinzi akajibu, pita. Walipokwisha kutoka nje ya shabaha ya mizinga wakashusha bendera ya waasi wakapandisha shuka nyeupe ya kitanda, na hata hivyo manowari ya Washington iliyokuwa ikilinda nje, Onward, ilikuwa imekwisha kuwaelekezea mizinga kabla mtu mmoja hajaiona ile shuka katika ukungu. Smalls alikuwa na miaka 23.

Serikali ilimlipa dola 1,500, fungu lake katika thamani ya meli waliyoikadiria chini mno. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alikwenda Washington pamoja na kasisi mmoja, akamwona Rais Lincoln na Waziri wa Vita, Edwin Stanton, na safari ile ikarudi na ruhusa ya kuandikisha askari weusi 5,000 huko kwenye visiwa vya kwao. Vita vyake vingine navipita haraka. Aliongoza meli ya chuma Keokuk kuishambulia Charleston mwezi wa Aprili 1863, ikapigwa risasi za mizinga kama 90, ikazama kesho yake. Na baadaye, nahodha mweupe wa Planter alipoingiwa na hofu akajificha katika bohari ya makaa, Smalls aliitwaa amri akaitoa meli salama, akafanywa nahodha yeye.

Pahali ninapopenda kukaa zaidi ni Philadelphia, mwaka 1864, alikoipeleka meli kutengenezwa. Pale hakuwa na vita. Alikuwa na miezi mitupu na fedha kidogo mfukoni, naye akazitumia fedha hizo kuwaajiri walimu. Mtu wa miaka 25, aliyekwisha kusifiwa magazetini, akajikalisha chini na herufi kama mtoto wa chuoni aliye kwenye alifu. Na katika mji ule ule, siku moja ya mvua, aliteremshwa garini kwa rangi yake, nahodha wa meli ya serikali, akaenda kwa miguu. Jambo hilo likazua makelele makubwa, na mwaka 1867 jimbo la Pennsylvania likapiga marufuku ubaguzi katika magari ya abiria.

Nako kwao Beaufort aliinunua, katika mnada wa kodi za ardhi, nyumba ya bwana wake wa zamani, ile ambayo yeye alizaliwa nyuma yake. Shauri la nyumba hiyo lilifikishwa hata Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1878 mahakama ikaamua kwamba milki ni yake.

Sasa nafika kwenye baraza. Mwezi wa Januari 1868 walikusanyika Charleston wajumbe 124 kuiandikia South Carolina katiba mpya. Na kati yao 76, yaani zaidi ya nusu, walikuwa watu weusi, wengi wao wakiwa watumwa miaka michache nyuma. Hebu watazameni kwa jicho la karani aliyekuwa akiita majina: huyu seremala, huyu mhubiri, huyu mwalimu, na yule pale aliyenenepa kidogo, mwenye ndevu fupi, ndiye aliyepita Sumter. Smalls hakuwa msemaji mkubwa katika mkutano ule. Walikuwako wenye elimu na ufasaha kumshinda. Lakini alileta azimio, nalo maana yake ni kwamba jimbo lianzishe shule za watu wote, bila malipo, mlango wazi kwa kila mtoto, na kwamba mzazi alazimishwe kumpeleka mtoto wake, na asiyetii atozwe adhabu.

Liangalieni neno hilo kulazimishwa. Baadhi ya wajumbe waliliogopa, wakauliza kama yafaa watu waliotoka utumwani jana kulazimishwa jambo lolote leo. Mimi naona kwamba hapo ndipo ilipo hekima ya mtu huyu. Sheria ya 1834 haikuuacha ujinga uje wenyewe. Iliuamrisha, ikauwekea faini na viboko. Basi Smalls na wenzake hawakutosheka kuiondoa amri ile na kuacha pahali patupu. Waliandika amri nyingine ya kuikabili. Katiba ilipopitishwa ilisema kwamba shule zote zitakazoendeshwa kwa mali ya umma ziwe bure na wazi kwa watoto wote pasipo kutazama rangi, na kwamba watoto walio baina ya miaka 6 na 16, mara shule zitakapokwisha kuenea, wahudhurie si chini ya miezi 24. Jimbo lile halikuwa limepata kuwa na shule za namna hiyo, na wazungu maskini nao pia wakafunguliwa mlango na watu waliokuwa wakiwadharau.

Mwaka ule ule wa 1868 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, na mwaka 1870, Jonathan Wright alipotoka katika Seneti kwenda kuwa hakimu wa mahakama kuu ya jimbo, Smalls akakirithi kiti chake, akakaa hata 1875. Kazi ya mtunga sheria wa jimbo si kazi ya tarumbeta. Mswada husomwa mara tatu. Hupelekwa kamatini, hurudi umekatwa vidole. Mtu huketi mchana kutwa akisikiliza habari za daraja, za kodi, za mshahara wa karani, ili kesho yake apate dakika kumi za kulitetea jambo lake. Aliisukuma sheria ya haki za raia, na sheria ya kuhifadhi nyumba na kiwanja cha mwenye deni kisiuzwe chote. Akapandishwa vyeo katika jeshi la akiba la jimbo hata akawa jenerali. Akakaa katika kamati ya fedha na akawa mwenyekiti wa kamati ya uchapaji. Beaufort ikawa ngome yake, mkulima mweusi anapiga kura na anauza pamba yake mwenyewe.

Hiyo kamati ya uchapaji ndiyo iliyomletea msiba. Mwaka 1877, utawala ulipokwisha kurudi mikononi mwa watu wa zamani, alishtakiwa kwamba alipokuwa seneta alipokea rushwa ya dola 5,000, akahukumiwa kifungo cha miaka 3 cha kazi ngumu. Insafu yanidai niseme pande zote mbili. Fedha za uchapaji za jimbo lile zilivuja kweli kweli, na mwenyekiti wa kamati hana budi kuulizwa. Lakini shahidi mkubwa aliyemshuhudia alikuwa ni yule yule karani aliyekuwa ametoroka kwa hesabu zake mwenyewe. Na Smalls alikana siku zote, akasema kwamba aliahidiwa kufutiwa mashitaka lau angejiuzulu ubunge wa taifa, aliokuwa nao wakati huo, akakataa. Mwaka 1879 gavana alimsamehe, katika mapatano ambayo serikali ya Washington nayo iliacha kuwashitaki watu weupe walioharibu uchaguzi. Nikiyaweka mambo haya katika mizani, naona mahakama ile ilikuwa ikitafuta kiti chake zaidi ya ilivyokuwa ikitafuta dola 5,000.

Na jinsi walivyovitafuta viti hivyo yajulikana. Vikundi vya wapanda farasi waliojiita Mashati Mekundu vilizunguka jimbo zima mwaka 1876 na baadaye; huko Hamburg waliwaua watu weusi baada ya kuwakamata; na mwaka 1878, katika kijiji cha Gillisonville, walimzingira Smalls na wenzake dukani wakafyatua risasi ukutani, hata habari zikafika mashambani na wanakijiji wakaanza kuja kwa mamia na walichonacho mkononi. Alipata kiti cha Kongresi mara tano kwa jumla, akikipoteza na kukirudia, mara ya mwisho akatoka mwaka 1887.

Uzeeni alikuwa mkuu wa forodha wa bandari ya Beaufort, kazi aliyoishika kwa miaka mingi, akaondolewa mwaka 1913. Wajukuu wake walisimulia kwamba mke wa yule bwana wa zamani, aliyekuwa amezeeka na fahamu zimempotea, alikuja siku moja akaingia katika nyumba ile akidhani bado ni yake, na Smalls hakumwambia neno. Alimrudisha katika chumba chake cha zamani, akaagiza atumikiwe. Katika nyumba hiyo hiyo Smalls alifariki mwezi wa Februari 1915, hatua chache kutoka pale kilipokuwa kibanda alichozaliwa.

Jambo moja nimeliruka kusudi, nalo ni mkutano wa mwaka 1895. Ulifanyika Columbia, makao makuu ya jimbo, kuifuta ile katiba ya 1868, na aliyeuongoza kwa roho yake alikuwa Ben Tillman, seneta ambaye hakuficha kwamba muradi wake ni kumnyang'anya mtu mweusi kura. Wajumbe walikuwa 160. Weusi walikuwa sita, na watano kati yao walitoka Beaufort, naye Smalls, mwenye miaka 56, peke yake ndiye ninayemtazama. Njia waliyoitafuta ili isiitwe ubaguzi ilikuwa hii: mwenye kupiga kura awe anajua kusoma na kuandika kifungu chochote cha katiba, au awe na mali iliyotozwa kodi ya thamani ya dola 300, na kwa miaka ya mwanzo, asiyejua kusoma aweza kupita akieleza vizuri kifungu atakachosomewa, na mwamuzi wa kueleza vizuri ni msimamizi mweupe. Kwa hiyo watoto wa watu waliokatazwa kusoma kwa viboko 50 sasa wakaambiwa, someni, na asiyeweza arudi nyumbani.

Smalls alisimama akaukabili mkutano, akawaambia kwamba watu wake hawaombi upendeleo wala utetezi wa pekee, waombacho ni nafasi iliyo sawa katika mashindano ya maisha. Kisha, walipofika kwenye kifungu cha kuharamisha ndoa baina ya weupe na weusi, akatoa pendekezo lililoutikisa ukumbi. Ikiwa mmekusudia kweli kutenganisha damu, alisema kwa maana, basi andikeni pia kwamba mwanamume mweupe atakayekaa kinyumba na mwanamke mweusi asishike cheo chochote cha serikali, na mtoto atakayezaliwa apewe jina la baba yake na amrithi. Aliyesema hivyo alikuwa mtoto wa Lydia, ambaye baba yake hajaandikwa katika daftari lolote, na kila mtu wa Beaufort alikuwa na dhana yake. Pendekezo halikupita.

Mwezi wa Desemba kazi ikamalizika, hati ikawekwa mezani, na wajumbe wakaitwa kutia sahihi majina yao. Mkono wa Robert Smalls, uliojifunza kuandika ukubwani, katika miezi ya Philadelphia, kwa ijara ya baharia, haukuigusa kalamu.